Pikapu, Gari la Masista na Mama Mkwe

Mimi si mwandishi. Nilisoma mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe nusu tu, kwa sababu mwalimu alihamishwa na hakuletwa mwingine. Lakini nilipokuwa dereva wa misheni, Padri alitaka kila safari iandikwe: umetoka saa ngapi, umefika saa ngapi, umebeba nini. Safari ikiisha mkono unabaki na kalamu, basi nikawa naandika na mambo mengine. Daftari la mwaka wa vita ninalo hadi leo. Panya wamekula pembe moja. Pale ambapo daftari na kichwa changu havikubaliani, nitasema.

Tulikaa upande wa Kaniha, katika kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama askari. Misheni ilikuwa juu ya kilima, dakika ishirini kwa miguu. Nilikuwa nimeendesha magari yao miaka kumi na minne siku Padri aliponiita chini ya paa la karakana akaniambia hivi:

"Mwanangu, umetutumikia sana. Kiinua mgongo chako sina fedha za kukupa. Lakini gari jipya limekuja, na haya mawili ya zamani yamebaki. Chagua moja liwe lako. Usiharakishe."

Mtu mwingine ungemwambia usiharakishe. Mimi si wa kuambiwa hivyo. Nilichukua wiki saba.

La kwanza lilikuwa pikapu iliyobeba saruji na mbao za makanisa. Mbele inakaa watu watatu wembamba, nyuma wazi. Ilikuwa inawaka asubuhi kwa ufunguo, jambo ambalo wakati ule halikuwa dogo, na springi zake zilikuwa nzima. La pili lilikuwa gari la Masista, refu, lina paa na madirisha, na nyuma lina mabenchi mawili yanayotazamana. Mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa waya. Haliwaki bila kusukumwa, kwa hiyo kila jioni nililiegesha kwenye mteremko, likiangalia bondeni kama ng'ombe anayetaka kwenda mtoni.

Nilipiga mstari katikati ya ukurasa, huku pikapu, huku gari la Masista, nikaandika mazuri ya kila moja. Pikapu ilipofika mazuri manane na mwenzake yuko na matano, niliona kama ninaonea. Nikakaa mpaka nikalitafutia mengine matatu. La nane, naona hapa, niliandika: "Lina kivuli."

Nyumbani tulikuwa na watoto sita, na wa saba alikuwa njiani. Yule wa sita alizaliwa porini, mama yake akiwa ndani ya machela, mabegani mwa wanaume wanane waliokuwa wakimkimbiza hospitali ya Biharamulo. Mke wangu alitoka damu nyingi. Walipomfikisha, mganga alimtazama mtoto, akamtazama mama, akaniambia mimi: "Wa saba azaliwe hapa, si barabarani. Umesikia?" Nilikuwa nimesikia. Ndiyo maana gari hili halikuwa gari la kwenda kutembea. Lilikuwa la safari moja, hayo mengine yangekuja baadaye.

Sasa niwaeleze habari za mama mkwe wangu, maana bila yeye ningechagua siku ileile.

Mke wangu nilimtoa Bugarama, Ngara. Katika ukoo wao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, hawasemeshani, wala hawakai pamoja chini ya paa moja. Sisemi kila mtu wa Ngara yuko hivyo, nisije nikawasemea wengine. Wao walikuwa hivyo, na mama huyo alishika kuliko wote. Kila binti yake akikaribia kujifungua alikuja kukaa nasi miezi mitatu, akilala katika nyumba ya jikoni. Mimi nikitoka ndani nilikohoa kwanza. Akipita uani niligeukia ukutani. Kijiji kizima kilinijua kwa mgongo.

Akiwa na neno la kuniambia alikiambia kitu kilichokuwa karibu. "Wewe kikapu," atasema kwa sauti ya kufika ng'ambo, "kuni zimekwisha, sijui mwenye nyumba anajua." Nami nilikuwa nikijibu kupitia mlango au baiskeli. Kwa miaka kumi na mitatu tulisikilizana vizuri sana, kupitia vyombo.

Na mke wangu hakujifungua bila mama yake kumshika mgongo. Hilo alilisema waziwazi: "Mama asipokuwepo, na mimi siendi."

Padri aliniruhusu kujaribu magari yote mawili. Jumamosi nililileta gari la Masista nyumbani. Watoto walijaza mabenchi, mke wangu akakaa akanyoosha miguu, akasema, "Hapa hata kama ni mapacha." Mama mkwe alilizunguka mara mbili. Halafu akakiambia kikapu chake:

"Kikapu, hii ni nyumba yenye magurudumu. Paa moja, mlango mmoja. Mkwe wangu na mimi tuingie nyumba moja?"

Mke wangu akatoa kanga, tukaifunga kati ya kiti changu na mabenchi. Nilifikiri tumemaliza. Sikuona tena nyuma hata kidogo, lakini kwa gari ambalo kioo chake cha nyuma kilikuwa na vumbi la miaka mitano hasara haikuwa kubwa. Mama mkwe akaishika ile kanga kwa vidole viwili.

"Kikapu, kanga ni nguo. Nani amewahi kulala nyuma ya kanga akasema amelala chumba kingine?"

Hakuingia. Tulizunguka kijiji bila yeye, naye akatutazama tukipita kama mtu anayetazama watu wakifanya dhambi polepole.

Jumapili nikaleta pikapu. Hapo alifurahi. Ukuta wa chuma ulikuwepo kati ya mbele na nyuma, ukuta wa kweli wa kugongwa ngumi. Lilikuwepo dirisha dogo, lakini alisema ataligeuzia mgongo. Niliweka kigoda, nikakifunga kwa kamba, akapanda na mwavuli wake, akakaa akiangalia tulikotoka. Tulipopita kati ya nyumba, watu walitoka kumsalimu. "Shikamoo bibi." "Marahaba." "Shikamoo bibi." "Marahaba." Aliitikia kutoka juu kama mgeni rasmi wa Sabasaba. Tulipofika kanisani alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope, na akakiambia kigoda kwamba gari hili lina adabu.

Shida ilikuwa mbele. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na fimbo ya gia ya pikapu ile ilikuwa ndefu. Gia ya kwanza na ya pili zilikuwa salama. Ya tatu ilikuwa gotini kwake. Ya nne ilikuwa tumboni. Tulirudi nyumbani na gia ya pili.

"Mama yangu nyuma kama mihogo," mke wangu alisema usiku huo akipika, "mimi mbele nimebanwa kama barua, na wanangu sita wananing'inia. Hiyo ndiyo gari ya familia?"

"Watoto wanaipenda."

"Baba watoto, watoto wanapenda hata kula udongo."

Nilikwenda kumwuliza balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwenye baiskeli na maneno. Alisema bila kusita: pikapu. Gari lenye madirisha ni la kibepari, mtu anakaa ndani anawatazama wenzake wanaotembea. Pikapu ni nyenzo ya uzalishaji, itabeba mahindi ya shamba la kijiji, na tukifiwa itabeba maiti.

"Na mke wangu?"

"Mke wako atabebwa na wananchi kama zamani. Machela si yapo?"

Sikumchukia kwa neno hilo. Alikuwa mmoja wa wale wanane, na bega lake lilivimba wiki mbili.

Ndipo vita ikaja. Tulisikia kwenye redio ya Padri kwamba adui ameingia kaskazini mwa mkoa wetu, amevuka mpaka. Malori yakaanza kupita barabara kuu mchana kutwa, mengine ya watu binafsi, yamechukuliwa kubeba askari na chakula. Padri akaniita tena.

"Wilaya inakusanya magari. Nimewaambia moja ni lako. Jingine watalichukua Ijumaa. Nataka jibu kabla ya Ijumaa."

Hapo nilichanganyikiwa zaidi. Zamani nilikuwa nachagua langu tu. Sasa nilikuwa nachagulia na jeshi. Nikichukua pikapu, je, nimewanyima askari mahali pa kuweka magunia? Nikichukua la Masista, je, majeruhi watalala juani? Nilifungua ukurasa mpya, nikapiga mstari. Balozi akaja mbio kusema amebadili mawazo: chukua la Masista, kwa maana pikapu, kwa mujibu wa hali ya taifa, inahitajika mstari wa mbele. Nikamkumbusha habari ya ubepari. Akasema wakati wa vita hata bepari ana kazi yake.

Alhamisi nilikuwa karakanani, nimeshika funguo mbili, moja kila mkono. Ilikuwa kama saa nane mchana. Balozi akatokea na baiskeli, anahema.

"Ndugu dereva, mke wako. Uchungu umeanza. Na mvua ile inakuja."

Nilitazama bondeni. Wingu lilikuwa limekaa juu ya Kaniha kama sufuria.

Nataka niwe mkweli hapa. Watu husema katika shida mtu huchagua kwa moyo. Mimi nilichagua kwa mama mkwe. Nilijua hataingia gari la Masista, na bila yeye mke wangu haendi, basi nikaingia pikapu nikashuka nayo. Nilijiona mwenye akili mpaka nilipofika uani.

Mke wangu alikuwa amelala mkekani, uso umelowa jasho. Tulimwinua, tukamfikisha mlango wa pikapu. Aliweka mguu mmoja, akaurudisha.

"Siwezi kukaa. Nilaze."

Kulala ni nyuma. Nyuma mvua ilikuwa imekwisha kujaa, na kigoda kilikuwa kinaelea. Mama mkwe alisimama chini ya ukingo wa paa la jikoni, akatoa kiganja kwenye mvua, akakitazama, halafu akakiambia chungu kilichokuwa miguuni pake:

"Chungu, hivi mwanangu azae ndani ya bwawa?"

Niliugeukia mlango. "Mlango, mwambie mama, nilifikiri yeye—"

"Chungu, mwambie mlango asifikiri. Mlango alete gari lenye paa."

Nilipanda kilima na pikapu, matope yakiruka mpaka kwenye kioo. Karakanani Padri alinivisha koti lake la mvua, refu, na kofia yake ya shambani, kwa sababu nilikuwa nimelowa natetemeka. Gari la Masista, kwa bahati mbaya, jana yake sikuliegesha kwenye mteremko. Padri mwenyewe alilisukuma, na Masista wawili, kanzu zimewashika miguuni. Lilipowaka mmoja wao alikuwa amekaa chini kwenye tope, anacheka. Sikusimama kushukuru. Nimeshukuru baadaye, lakini si sawa na kushukuru palepale.

Nilipofika nyumbani sikuzima injini. Balozi na jirani walimlaza mke wangu juu ya godoro kati ya mabenchi. Watoto tuliwaacha kwa jirani. Ikabaki mama mkwe amesimama kwenye mvua, hatua mbili kutoka mlangoni, kanga imefunika kichwa. Mimi nilikuwa nimeanza kuwaza kumwachia balozi usukani, na balozi hakuwahi kuendesha kitu chenye zaidi ya magurudumu mawili.

Mama mkwe akamgeukia balozi.

"Mwanangu, mkwe wangu yuko wapi?"

Balozi ni mtu wa siasa, lakini si mjinga. Alinitazama mimi, akatazama barabara.

"Mkweo ameondoka na pikapu, mama. Sote tumemwona."

"Na mimi nimemwona. Huyu mwenye koti ni nani?"

"Huyo? Huyo ni dereva wa misheni."

"Vizuri. Dereva hana mkwe."

Akaingia, akakaa, akafunga waya wa mlango kwa mikono yake mwenyewe.

Tulikwenda kama kilomita tatu. Mke wangu alikuwa akiugua, mama yake akimkanda mgongo. Mimi nilitazama mbele, shingo imekauka.

"Dereva."

Sikujibu. Miaka kumi na mitatu sauti ile haikuwahi kunijia moja kwa moja, na sikujua ijibiwe vipi.

"Dereva, u kiziwi?"

"Hapana, mama."

"Unabeba watu au saruji?"

"Watu, mama."

"Basi shimo ukiliona liheshimu."

Nyuma nilisikia sauti nikadhani ni uchungu umezidi. Ilikuwa mke wangu anacheka. "Mama, usinichekeshe, utaniua," alisema, akaugua tena, akacheka tena.

Barabara ilikuwa mto mwekundu. Kwa safari ya saa moja na nusu tulitumia karibu tatu. Malori ya jeshi yalitupita, nasi tuliyapisha majanini. Kila nilipopunguza mwendo alisema ninalala, na kila nilipoongeza alisema ninakimbiza mbuzi. Halafu kukawa na kipande cha barabara kizuri kidogo, mvua ikapungua, mke wangu akatulia. Mama mkwe akasema kwa sauti ya mazungumzo:

"Dereva, unamjua mkwe wangu?"

"Namjua kidogo, mama."

"Wewe unamwona ni mtu wa namna gani?"

Sijawahi kupata swali gumu kama hilo. Sikutaka kumsifu, maana ningejisifu. Sikutaka kumponda, maana hayupo kujitetea. Nilifikiri mpaka kwenye kona.

"Ana mazuri yake, mama. Lakini anachelewa kuamua."

"Hilo na mimi nimeliona." Akamfunika binti yake vizuri. "Lakini mwanangu hajalala njaa kwake hata siku moja. Wala hajarudi kwangu analia. Nimekaa miaka yote hii natafuta wa kumwambia hivyo, sikupata. Mambo mengine huwezi kuyaambia chungu."

Niliendesha. Sikuona barabara vizuri, na mvua ilikuwa imekwisha pungua. Daftari langu kwa siku ile limeandika: "Mvua kubwa. Mashimo. Mkwe amesema." Basi.

Tulifika hospitali kabla ya jua kuzama. Wauguzi walimchukua mke wangu kwa kitanda cha magurudumu, mama yake anakimbia pembeni ameshika ncha ya shuka. Mimi nilibaki na gari, injini inanguruma, naogopa kuizima na naogopa mafuta. Mwishowe nikaizima. Nilikaa kwenye benchi la Masista mahali alipokuwa amekaa yeye. Nikahesabu madirisha ya wodi, nikayahesabu tena. Nilikuwa namwona yule mganga mbele yangu, na damu ya mara ile.

Mama mkwe alitokea barazani. Alisimama mbali kidogo, kama anavyosimama mtu kwa mgeni anayemheshimu.

"Dereva, baba wa mtoto akifika, mwambie ni msichana. Mwambie mama yake mzima, ananywa chai."

"Nitamwambia, mama. Atafurahi sana."

"Asichelewe," alisema, akarudi ndani.

Nilivua koti na kofia, nikaviweka kitini. Nikazunguka majengo yote ya hospitali kwa miguu, nikaingia kwa mlango wa upande wa pili, nikakohoa. Mama mkwe aliyekuwa kando ya kitanda aliinuka akageukia ukutani, kanga usoni, akapita akatoka bila kunitazama. Mke wangu alikuwa amefunga macho kwa nguvu, tumbo linatikisika kwa kicheko, na mtoto anatikisika juu yake.

Ijumaa pikapu ilikwenda kaskazini. Sikuwepo kuiaga. Sikusikia tena habari zake, na mpaka leo nikipita karibu na gari la jeshi huliangalia nyuma kama lina kigoda. Sijui kama nilichagua vizuri. Balozi anasema nilifanya uzalendo, lakini yeye alisema vyote viwili, kwa hiyo simhesabu. Padri nilimwambia nimechagua la Masista, akasema, "Nilikuona ukichagua." Niliona aibu kumwambia si mimi niliyechagua.

Siku ya nne waliruhusiwa. Nilikuja nimevaa shati safi, jua kali, gari limeoshwa, na nimeliegesha kwenye mteremko wa mbele ya hospitali. Mama mkwe alikuwa nyuma ya nguzo ya baraza na mzigo wake kichwani, hasogei. Nilisubiri. Hakusogea. Mke wangu akaja hadi dirishani kwangu, amembeba mtoto.

"Mama anauliza kama yule dereva wa misheni yupo."

"Na jua hili?"

"Mimi nimetumwa tu."

Nilitazama kiti cha pembeni. Koti la Padri lilikuwa bado pale, limekauka limekuwa gumu kama ngozi.

"Mwambie asubiri kidogo," nikasema. "Naenda kumtafuta."